Usalama wa Mtandaoni kwa Mwanafunzi Anayetumia Simu ya Kuazima

Masomo mengi ya usalama mtandaoni yanamchukulia mwanafunzi kama mtu mwenye simu yake, tena yenye loki. Vijijini mara nyingi anaazima ya mzazi au ya kaka, na shuleni kompyuta moja inahudumia darasa zima. Ndiyo maana sisi tunaofundisha usalama wa mitandao tunawaomba walimu waanze na kutoka kwenye akaunti. Nywila ngumu itafuata.

Kufunga ukurasa si kutoka. Usipobonyeza "Toka", akaunti hubaki wazi na anayefuata huingia bila kuulizwa chochote. Kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) kikiuliza kama kihifadhi nywila, kikatalie. Hali fiche ya kivinjari (incognito) inasaidia kiasi, kwani ukifunga madirisha yake yote, historia ya ulikopita haibaki kwenye kifaa. Lakini faili ulilopakua linabaki, na tovuti uliyoingia bado inakuona, tofauti na wanavyodhani vijana wengi (na watu wazima pia).

WhatsApp inataka uangalifu zaidi. Simu isiyo na loki ikishikwa na mtu kwa dakika chache, anaweza kuunganisha akaunti hiyo na kompyuta yake, akawa anasoma ujumbe akiwa mbali. Fungua "Vifaa vilivyounganishwa" mara kwa mara, na usichokitambua kiondoe. Zile tarakimu 6 za kuthibitisha akaunti zinazokuja kwa SMS hapewi mtu, hata akijiita mwalimu wako.

Kubwa kuliko yote ni picha. Mtoto anayetishiwa kwamba picha yake ya faragha itasambazwa hunyamaza, kwa sababu anajua akisema atagombezwa na simu hataiona tena. Anayemtisha naye anaijua hofu hiyo, na ndiyo anayoitumia. Mzazi, mwache mtoto amalize kusimulia kwanza. Msimlipe anayemtisha, wala msimtumie picha nyingine. Piga picha za skrini za vitisho na jina la akaunti, ndipo umzuie (block), kisha peleka taarifa polisi.

Kama aliyemo pichani alikuwa chini ya miaka 18, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, inayopokea maombi hata kutoka nje ya nchi hiyo. Picha yenyewe haitumwi, inabaki kwenye simu. Kinachotumwa ni alama yake ya kidijitali, ambayo mitandao iliyojiunga na huduma hiyo huitumia kuitafuta na kuiondoa. Kwenye mazungumzo yaliyosimbwa (yanayosomeka na wahusika tu), kama ya WhatsApp, huduma hiyo haifiki.