Mzee ametoka hospitali na ugonjwa wa moyo: msimlaze

Utengamao wa moyo ni nini?
Ni mazoezi ya kupimiwa, pamoja na dawa, chakula na ushauri, baada ya mshtuko wa moyo, upasuaji au kuzibuliwa mshipa. Mara nyingi huchukua wiki 8 hadi 12.

Baba ana miaka 74. Si alale tu mpaka apone?
Hapana. Mzee anatoka wodini kwa miguu yake, kisha anarudi kliniki akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na vipimo vya moyo havijabadilika. Kilichokwisha ni misuli ya mapaja. Siku 10 za kitandani zinatosha kuipunguza misuli ya mzee, na hapo bado hatujataja damu kuganda miguuni, nimonia na vidonda vya mgongo.

Lakini moyo umechoka. Kutembea hakutauchosha zaidi?
Hapana, tena hapana. Miguu iliyozoea mwendo hutumia oksijeni vizuri, hivyo moyo haulazimiki kusukuma sana kwa kazi ileile. Nyie mnaompelekea kila kitu kitandani, hadi rimoti, mnampenda lakini mnamdhoofisha. Kabla ya kutoka wodini, muulizeni daktari atembee kiasi gani.

Aanzeje?
Daktari akisharuhusu, dakika 5 kwenye tambarare, mara 2 au 3 kwa siku. Ongezeni dakika 1 au 2 kila baada ya siku mbili hadi afike 30. Atembee asubuhi kabla jua halijawa kali, na si chini ya saa moja baada ya kula. Akishafika dakika 15, za mwanzo na za mwisho ziwe za polepole. Akikatisha mwendo ghafla damu hubaki miguuni, presha ikashuka, akaona kizunguzungu.

Msihesabu mapigo ya moyo, maana dawa za moyo na presha kama bisoprolol na atenolol huyashusha, mtadanganyika. Msikilizeni anavyoongea: akimaliza sentensi bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa.

Amepasuliwa kifua?
Kutembea kuko palepale. Mfupa wa kidari huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Asinyanyue zaidi ya kilo 4 (ndoo ya lita 10 ni kilo 10!), asijivute kwa mikono kuinuka, na akikohoa akumbatie mto.

Siku gani asifanye mazoezi?
Akiwa na homa, kizunguzungu, miguu imevimba zaidi, au anakosa pumzi akilala chali. Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, hayo ni maji, si kunenepa. Arudi kliniki.

Kifua kikimbana njiani?
Akae. Kama amepewa dawa ya chini ya ulimi, aiweke akiwa amekaa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, hospitali. Si maziwa, si dawa ya vidonda vya tumbo, si "tuone mpaka asubuhi". Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu kabisa: jasho la baridi na kuishiwa pumzi ghafla vinatosha kumkimbiza.

Akijisikia mzima, apumzishe dawa?
Hapana. Aliyewekewa stenti (kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo uliozibuliwa) akikatisha mwenyewe aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuganda ndani ya stenti hiyo. Zikibaki za siku 5, nendeni mkachukue nyingine. Msingoje tarehe ya kliniki.