Reale Iliyosuguliwa na Weusi Niliotaka Kuulipia

Jana tena. Kijana kaingia dukani kwangu, hapa hapa Usita wa Mui, Lamu, kafungua kitambaa taratibu kama afunuaye mkate wa mofa. Ndani mna reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, inang'aa kama sinia ya harusi. "Ami, nimekupunguzia kazi. Usiku kucha naisugua kwa ndimu na jivu." Nikashusha pumzi. Ule weusi alioutoa ndio niliokuwa tayari kuulipia.

Sarafu ikigongwa mtamboni, fedha husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni, ikabaki na michirizi myembamba mno. Ukiigeuzageuza kwenye mwanga, hiyo ndiyo inayoifanya nuru izunguke usoni. Jivu huikata. Ndiyo maana mng'ao wa kusugua umesimama pale pale kama bati jipya, na ule wa mtamboni hutembea. Michirizi ikishakatwa, hakuna sonara wa kuirudisha, hata wa Lamu.

Mwaka msinionyeshe. Reale zote hizi zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki mwenyewe, na ziliendelea kugongwa Vienna, Roma, London na Bombay hata katika karne ya 20. Tupite.

Ya jana niliiweka chini ya lenzi. Kwenye uwanja mtupu mikwaruzo imelala upande mmoja, lakini miguuni mwa herufi uchafu mweusi bado umejibanza, maana kidole hakifiki. Lulu tisa za bruchi ya malkia zimeshikana, zimekuwa kama uji. Kisha nikapitisha ukucha ubavuni, penye maandishi IUSTITIA ET CLEMENTIA. Juu ya kichwa ukucha ukateleza: palilehemiwa kitanzi zamani, mtu akaivaa shingoni, mwingine akakitoa na kupalainisha kwa tupa.

Sasa linaloniudhi zaidi. Wengine wakisikia haya hurukia upande wa pili: "Iliyosuguliwa haina thamani." Nani kasema? Inategemea sarafu yenyewe imesimama juu ya nini. Reale ina gramu 28 na ushei, na katika hizo zaidi ya 23 ni fedha. Isugue utakavyo, haitashuka chini ya bei ya fedha yake. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, ambayo kila mtu huniapia kuwa ni fedha tupu, hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha. Za kuanzia 1948 hazina hata chembe. Na pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ile ya mizani ya mwaka 1299 Hijria, haina pa kuangukia kabisa. Shaba yake haifiki bei ya kikombe cha kahawa. Thamani yote imo katika ile kahawia ya usoni, na ukiisugua inatoka rangi ya ufizi. Halafu kuna mafundi wanaoifukiza kwa kibiriti upele irudi nyeusi! Weusi wa miaka hukolea mashimoni na kufifia penye vilima. Wa kibiriti umeenea sawasawa kama rangi ya mlango.

Kuosha si kusugua. Maji safi, au asetoni ya kutoa mafuta na gundi, bila kitambaa, sina ugomvi nayo. Iliyochimbwa ardhini, kama ile ya Kichina, ya mfalme Yongle, yenye tundu la mraba, iliyotangazwa 2013 kuwa imepatikana kisiwani Manda, hiyo msinioshee hata kwa maji. Ipelekeni makumbusho na udongo wake.

Nami hukosea. Sarafu iliyokaa miaka arubaini katika kibindo husuguliwa na nguo, na mikwaruzo yake yaweza kukudanganya. Nishawahi kumkatia bi mkubwa mmoja bei kwa kosa ambalo halikuwepo. Na iliyosuguliwa enzi za bibi zetu, ikarudi kuwa nyeusi yenyewe, tuihesabu nzima au mbovu? Mimi huinunua, na bei nakisia kwa moyo, si kwa kitabu. Yenye kitanzi cha zamani mkusanyaji huikunjia uso, lakini anayetaka kidani cha Kiamu humpita bei. Wote wawili nawaelewa.

Yule kijana nilimpa bei ya fedha. Akainamisha kichwa, akafikiri. "Ami, je nikiipaka masizi?"

Nikamwagizia kahawa.