Kura 4,096 za Schaerbeek zilitoka wapi?

Je, wajua kwamba nchini Ubelgiji kuna mgombea aliyewahi kupata kura nyingi kuliko zilizowezekana kuwepo? Ilikuwa Mei 18, 2003, siku ya uchaguzi wa bunge, huko Schaerbeek, mojawapo ya manispaa za Brussels. Mpiga kura alichagua orodha ya chama kwenye kompyuta, kisha akaweka alama kwenye majina aliyoyataka ndani ya orodha hiyo. Jina moja, basi, haliwezi kuizidi orodha yake. La Maria Vindevogel liliizidi. Kura zilipohesabiwa upya, ziada ilikuwa 4,096 kamili.

Wanaosikia kisa hiki husema upesi: wamechakachua. Lakini mchakachuaji gani mwenye akili timamu humpa mtu wake kura zisizowezekana? Wizi wa kura hupenda tarakimu za kawaida, zisizoshtua mtu. Tena, kila mpiga kura wa Schaerbeek alikuwa na kadi ya sumaku iliyobeba chaguo lake, na kadi hiyo ilibaki ndani ya sanduku. Ni kadi hizo zilizosomwa upya, na hazikuwa na kura hizo 4,096. Kadi zilikuwa sawa. Kilichokosea ni jumla iliyokuwa ndani ya kompyuta.

Wengine hukosea kwa upande wa pili, wakasimulia kwamba mwale kutoka anga za mbali uligeuza matokeo ya uchaguzi. Hakuna matokeo yaliyogeuka, maana kosa lilinaswa likasahihishwa. Na aliyelinasa si mashine. Ni hesabu ya akili ya kawaida: sehemu imezidije zima?

Kilichowafumbua macho wataalamu ni ile 4,096 yenyewe. Fikiria mchezaji wa bao na mashimo yake 16. Tuseme sasa kila shimo lina kete moja au halina kitu, na thamani ya mashimo inaongezeka maradufu: la kwanza 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, na kuendelea. Ukitaka kuandika 500, unaweka kete sita tu, kwenye mashimo ya 256, 128, 64, 32, 16 na 4. Kompyuta huhifadhi namba hivyohivyo, ila badala ya kete hutumia chaji ya umeme. Hesabu hadi shimo la 13: thamani yake ni 4,096. Mtu akiigonga mbao, kete moja ikadondokea humo, 500 inakuwa 4,596 bila shimo jingine kuguswa. Ndiyo maana ziada ilikuwa kamili namna ile. Kosa la kawaida la programu lingeweza kuacha namba yoyote ile, na uchunguzi wa programu haukuonyesha kosa la kueleza jambo hilo.

Nani aliigonga mbao? Hapo ushahidi unapungua. Chembe zinazotoka angani huigonga hewa ya juu na kuzaa chembe nyingine, na hizo zinaweza kuvuruga chaji ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Watengenezaji wa vyombo vya satelaiti na ndege wanalijua tatizo hili vizuri. Kwa Schaerbeek, hata hivyo, mwale unabaki dhana. Chembe ya namna hiyo haiachi alama, na kifaa kibovu kwa sekunde moja kingeweza kufanya vilevile. Ripoti ya wataalamu ilisema tu kwamba biti moja, yaani shimo moja la kumbukumbu ya kompyuta, ilijigeuza yenyewe.

Kenya, ambayo mara nyingi hudhaniwa kupiga kura kwa mashine, iko tofauti: vifaa vya KIEMS hutambua wapiga kura na kutuma matokeo, lakini kura yenyewe ni karatasi, na jumla ya kura za urais kituoni huandikwa kwenye fomu ya karatasi, Fomu 34A. Biti ikigeuka njiani, fomu ipo. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilisema matumizi ya kompyuta za kura mwaka 2005 yalikiuka katiba, kwa sababu mwananchi asiye mtaalamu hakuweza kuhakiki hatua muhimu za kuhesabu.

Sasa rudisha kete ile shimo la saba. Ziada ingekuwa kura 64, ndani kabisa ya mipaka ya orodha, na hakuna ambaye angekuwa na sababu ya kuzisoma kadi upya.