Kinu cha maji katika mchoro wa rangi za maji

Kinu cha maji ni nyumba ya kusagia nafaka iliyojengwa kando ya mto. Maji huongozwa kwa mfereji hadi kwenye gurudumu la mbao, nalo likizunguka huzungusha mawe ya kusagia yaliyo ndani. Wachoraji wa mandhari wa Uingereza katika karne ya 19 walivichora sana vinu hivi, hasa kwa rangi za maji.

Rangi hizo ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mgunga, kisha ukazimuliwa kwa maji. Ni nyepesi kiasi kwamba nuru hupenya, hugonga karatasi nyeupe na kurudi machoni. Hapo ndipo ulipo ugumu wake wote. Kwa kawaida mchoraji hatumii rangi nyeupe: povu chini ya gurudumu, wingu, ukuta uliopakwa chokaa, vyote ni karatasi iliyoachwa wazi. Lazima ajue patakapobaki peupe kabla hajachovya brashi. Huanza na rangi hafifu, husubiri ikauke, ndipo huongeza nyingine juu yake mpaka mbao zilizolowa za gurudumu zikolee weusi. Matone yanayoruka huyapata mwishoni, kwa kukwangua karatasi kwa ncha ya kisu.

Si kila karatasi ingevumilia kukwanguliwa hivyo. James Whatman wa Maidstone, Kent, Uingereza, alitengeneza karatasi laini isiyo na mistari, iliyokazwa kwa gelatini (gundi itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama), na J. M. W. Turner, mchoraji mashuhuri wa mandhari wa Uingereza, alikuwa miongoni mwa walioitumia. Kinachonifurahisha ni kwamba kiwanda cha Whatman, Turkey Mill, nacho kiliendeshwa kwa nguvu za mto.

Ukiutazama mchoro wa aina hii, angalia maji yanaingilia wapi. Yakimwagika juu ya gurudumu, mwenye kinu alikuwa na bahati: majaribio ya mhandisi Mwingereza John Smeaton, yaliyotangazwa mwaka 1759, yalionyesha kuwa gurudumu hilo hutoa takriban mara mbili ya nguvu ya lile linalosukumwa kwa chini.

Na ukiona mbingu yenye wekundu juu ya paa, usiharakishe kusema ni machweo. Wachoraji wengi walichanganya nili, rangi ya buluu, na rangi nyekundu ya udongo ili kupata kijivu cha mawingu. Nili hufifia kwa mwanga, wekundu ukabaki peke yake. Ndiyo sababu makumbusho huitoa michoro hii kwa miezi michache tu, kisha huirudisha gizani.