Pikipiki ya umeme na mlima

Vijiweni maneno ni yaleyale: pikipiki ya umeme ni ya tambarare, mlimani itakuacha. Basi tutazame Kigali, mji ambao tambarare yenyewe ni ya kutafuta. Huko bodaboda (wenyewe huziita moto) za umeme zimekuwa zikibeba abiria tangu 2019, na vilima wanavipanda.

Siri iko kwenye mota. Injini ya petroli haina nguvu ya kutosha mpaka izunguke kwa kasi fulani, ndiyo maana dereva hushusha gia mwinuko ukianza. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu gurudumu limesimama. Klachi hakuna, gia ya kusaka hakuna. Tena nishati nyingi ya petroli huishia kuwa joto tu, ilhali mota nzuri hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kuwa mwendo.

Kinachoumia mlimani ni chaji. Inakwisha upesi, hasa kwa wale wa kupakia mishikaki. Kigali wana vituo vya kubadilishia betri: unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, dakika chache umeshaondoka.