Je, wajua kwa nini mbwigu hutundika mawindo yake kwenye miiba?

Ukikuta panzi amechomekwa kwenye mwiba wa mgunga, au mjusi ananing'inia kwenye seng'enge ya shamba, usimsingizie mtoto mtundu. Ni kazi ya mbwigu, ndege wa sentimita 20 hivi.

Mbwigu hula nyama, lakini kwa ukoo yuko karibu na kunguru na shomoro kuliko mwewe. Mwewe hubana windo kwa kucha huku akilirarua kwa mdomo. Miguu ya mbwigu ni ya kushikia tawi tu. Panya akifurukuta humponyoka. Silaha yake ni mdomo: ncha imepinda, na ukingoni mna kijino kinachoshika shingo ya windo. Mwaka 2018 watafiti huko California walitoa vipimo vya mbwigu wa Marekani wanavyotikisa panya: mara 11 kwa sekunde! Windo likishakufa, mwiba hufanya kazi ambayo miguu haiwezi. Unalishika, naye analinyofoa taratibu kama mtu na mshikaki wake.

Kinachobaki huwa akiba. Huko Florida kuna panzi wenye sumu ambao mbwigu huwatundika siku moja au mbili mpaka sumu ipungue, ndipo awale. Mimi hunifurahisha zaidi habari ya jangwa la Negevu, Israeli: madume wenye akiba kubwa walipata majike mapema na kulea makinda wengi zaidi. Ghala nalo ni posa.

Kumwona si kazi, maana hajifichi. Kwenye nyanda za juu, Nairobi au Arusha, tazama nyaya na nguzo: mweusi juu, mweupe chini, mstari mweupe kila bega, mkia mrefu. Jike ana doa la hudhurungi ubavuni. Huyu huwinda peke yake au kwa jozi. Tsavo utakuta wa aina nyingine, mwenye mkia mrefu zaidi, na hao hupenda kukaa kikundi na kupiga kelele pamoja. Mwezi wa Aprili hupita pia mgeni anayerudi Ulaya kuzaa: dume ana kichwa cha kijivu, mgongo wa rangi ya kutu na utepe mweusi machoni. Ukishampata yeyote kati yao, kagua miiba iliyo jirani.