Acheni kuniuliza habari za sili

Tena! Safari hii ni rubani mwenye Lycoming O-320, injini ya kawaida ya ndege yenye pistoni, mtu mzima na heshima zake, ananieleza mlangoni mwa hangari kwamba injini ya rotari, ile yenye rota za pembe tatu badala ya pistoni, haifai kwenye ndege ya kujijengea kwa sababu "sili za ncha", yaani vipande vya kuziba kwenye ncha za rota, "lazima zikatike". Nikamuuliza ameziona wapi zimekatika. Kumbe kasimuliwa na binamu yake mwenye RX-7, gari la Mazda la rotari, ya turbo mbili.

Haya, tuanze na huyo binamu. Sili ya ncha haivunjiki kwa kuchoka kuzunguka. Mara nyingi inavunjwa na injini kunoki, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa kulipuka ovyo: kijana kaongeza presha ya turbo, petroli haitoshi kwenye mchanganyiko, cheche inapigwa mapema mno. 13B yangu, rotari ya Mazda ya rota mbili, haina turbo. Inavuta hewa ya Mungu, oili kidogo ya tu-stroku imechanganywa kwenye petroli ili kulainisha hizo hizo sili, na safarini inakaa mizunguko 6,000 kwa dakika. "Elfu sita!" wanashtuka waliozoea 2,700. Hiyo 6,000 ni ya shafti, bwana. Rota huzunguka mara moja kila shafti inapozunguka mara tatu, yaani 2,000, na ukishapita kwenye gia ya 2.85 kwa 1, propela inabaki na kama 2,100. Mazda wenyewe waliiruhusu RX-8, gari lao jingine la rotari, ifike 9,000 za shafti.

Na hapana, hii siyo Gnome, injini ya ndege ya Vita Kuu ya Kwanza, ile ambayo silinda zilizunguka pamoja na propela. Hilo silirudii tena.

Kinachoniudhi ni kwamba tukiwa tunabishana juu ya sili, watu wanafunga rejeta popote palipobaki nafasi. Hapo ndipo rotari inapokwama, na binamu hana habari. Rota hupozwa kwa oili kutoka ndani, kwa hiyo karibu theluthi ya joto la kupozwa huondoka na oili, si na maji. Mjenzi aliyetoka kwenye Lycoming ananunua kipozea oili kidogo, cha kuridhisha macho, halafu anashangaa mshale wa joto unapanda. Kisha analaumu injini!

Halafu kuna hewa yenyewe. Ukubwa wa rejeta hausaidii kitu kama hewa haipiti ndani yake, na hewa haipiti mpaka presha ya mbele iishinde ya nyuma. Mdomo wa kuingizia unaweza kuwa mdogo tu, mradi njia ipanuke polepole kabla ya kufika kwenye rejeta, kila upenyo uzibwe, na kule nyuma pawe na pa kutokea. Acha ufa wa kidole pembeni na hewa itakata kona, kama mtu anayevuka nyasi zilizoandikwa "Usikanyage". Unaweza kuruka mafundo 150 na maji yakachemka. Wala usijipime kwenye mwendo wa safari, kila mtu anapoa hapo. Jipime unapopanda: nguvu zote, mwendo mdogo, mchana wa Agosti hapa Texas. Ikichemsha, nyumba za rota za alumini zinapinda, raba za kuzuia maji zinaungua, maji yanaingia kwenye chemba. Hapo hata sili zikiwa nzima zitakufaa nini?

Kwamba rotari yaweza kuruka si jambo la kubishania. Glaida ya Kijerumani ASH 26 E, ndege ya kuelea na upepo, inajipaisha yenyewe kwa rotari, na droni ya Shadow iliyotumiwa na jeshi la Marekani iliendeshwa na rotari pia.

Mashaka ninayo, ila si yale ya binamu. Lycoming ina magneto, kifaa kinachojitengenezea umeme wa cheche; betri ikifa, inaendelea. Yangu inategemea umeme kwa cheche, kwa sindano za petroli, kwa pampu. Ndiyo, kila rota ina plagi mbili, lakini waya mmoja mbovu ukiwa wa pamoja hautajali una plagi ngapi. Nimeweka betri mbili na bado nauwaza huo mfumo kuliko rota. Gia nayo: sikiliza meno yanavyogongana injini ikinguruma polepole bila kuongezwa mafuta, uniambie kama utalala vizuri. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa kawaida hudai saa 40 za majaribio kwa mchanganyiko wa injini na propela usio na cheti, badala ya 25, na kwa hilo siwalaumu hata kidogo. Kuhusu eksozi, ni ya moto kiasi kwamba silensa nyepesi zinatapika matumbo yake.

Kinachonitia wasiwasi kabisa ni vipuri. RX-8 iliacha kutengenezwa mwaka 2012, na rotari mpya ya Mazda kwenye gari la MX-30 ni ya rota moja, ya saizi nyingine kabisa, ya kuzungusha jenereta. Haiingiliani na 13B. Ndiyo maana nikiona RX-8 iliyogongwa nyuma kwenye yadi ya magari mabovu, nasimama, na mke wangu ameshaacha kuuliza kwa nini.